Walinda amani waliotuachia watoto: tupeane uzoefu, bila matusi

Binti wa Kivu
Wakubwa shikamooni. Jana nilikuwa nasukwa saluni Sinza, redio ikataja wanajeshi wa kulinda amani wanaotuhumiwa kudhalilisha wasichana. Mama mmoja aliyekuwa kwenye draya akasema, "Mabinti wa Kongo nao wanajipeleka wenyewe." Koo lilinikauka, sikumjibu.

Nilikimbia Kongo nikiwa na miaka 12. Binamu yangu alikuwa na 15, anauza mihogo ya kukaanga kwenye seng'enge ya kambi ya wanajeshi wa kulinda amani. Walianza kumpa biskuti, baadaye kopo la samaki, siku moja wakamwita ndani akachukue hela yake. Alirudi bila sinia. Mtoto alipozaliwa, kijiji kizima kikamwita Mtoto wa Kambi. Sasa ni kijana ana ndevu, bado anaitwa hivyohivyo. Kikosi kilipobadilishwa baba yake alipanda ndege na wenzake, basi. Nani mwingine ana ndugu aliyepitia haya? Huko kwenu majirani walisemaje?

Mzee wa Nyarugusu
Marahaba binti yangu. Huku kambini kwetu wakimbizi nimewaona wamama wa namna hiyo. Wengi walinyamaza, mume asije akajua.

Komredi wa Temeke
Mada hizi zinachafua jeshi. Vijana wetu wa Tanzania waliuawa Semuliki, huko Kongo, Desemba 2017 wakiwalinda haohao Wakongo. Shukrani iko wapi?

Rehema Buza
Kaka, wa Semuliki tuliwalia wote. Lakini Juni 2023 Umoja wa Mataifa wenyewe ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi chetu cha wanajeshi 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. 11 walitajwa kwenye tuhuma, waathirika 4. Anayechafua ni anayesema?

Komredi wa Temeke
Tuhuma si hukumu. Na mtu akikubali mwenyewe je?

Rehema Buza
Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya 2003 isome. Chini ya miaka 18 marufuku, hata kama ulidhani ni mkubwa. Kutoa hela au chakula ili upewe mwili, marufuku kwa umri wowote. Mtoto ana njaa, wewe una kopo la samaki na bunduki, hapo kukubali kunatoka wapi?

Mama Wawili, Gongo la Mboto
Nimeandika na kufuta mara tatu. Mume wangu ni mwanajeshi, alikwenda misheni ya kulinda amani. Aliporudi tukapaua nyumba, tukaweka na geti. Mwezi wa tatu hivi tangu arudi, yuko bafuni, simu yake ikaita, namba inaanza na 243, ya Kongo. Nikapokea. Sauti ya msichana: "Papa?" Nikamwambia mimi ni mkewe. Akakata.

Usiku ikaingia picha. Mtoto wa kama mwaka mmoja, amekalishwa kwenye kitenge. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepinda kwa ndani. Mume wangu anacho hicho kidole, na mwanangu wa pili anacho. Nilipomuuliza akasema ni mtoto wa mpishi wa kambi, walikuwa wanamchangia maziwa. Nikaenda chumbani, nikambeba mwanangu akiwa usingizini, nikamvua soksi, nikauweka mguu wake kando ya ile picha. Mwanaume akakaa chini sakafuni.

Tangu siku hiyo mvua ikinyesha siwezi kulala, naisikia juu ya mabati yale. Yule msichana tunaandikiana sasa. Umri wake sijathubutu kuuliza.

Shangazi wa Ilala
Mwanangu, kesho asubuhi omba talaka.

Fundi Bomba
Talaka ya nini shangazi? Wapeleke mahari Kongo yaishe, mtoto apate baba.

Rehema Buza
Mahari! Huyo ni mwathirika, Fundi, si mchumba.

Komredi wa Temeke
Mama, badilisha namba. Matapeli wanatumia sana picha za watoto.

Mama Wawili, Gongo la Mboto
Tapeli angejuaje kidole, baba?

Wakili Mstaafu
Dada, usibadilishe namba na usifute picha. Umoja wa Mataifa hauna mahakama ya kumhukumu mwanajeshi. Humrudisha kwao, na nchi yake ndiyo yenye mamlaka ya kumshtaki. Ila mama wa mtoto anaweza kupeleka madai ya ubaba kwenye kitengo cha nidhamu cha misheni, vipimo vya DNA vikaombwa. Upo pia mfuko wa waathirika ulioanzishwa 2016. Hautoi fidia mkononi, unagharamia huduma.

Binti wa Kivu
Binamu yangu hakuambiwa lolote kati ya hayo. Dada Mama Wawili, mumeo anasemaje?

Mama Wawili, Gongo la Mboto
Hasemi. Anaondoka alfajiri, anarudi watoto wamelala. Yule msichana ameniandikia ujumbe leo mchana, naunakili kama ulivyo: "Mama, ku hospitali banauliza jina ya baba ya mutoto. Niandike nani?" Sijamjibu bado. Simu ninayo mkononi.