Wakala anataka tuuze kiwanja ili mtoto aende majaribio Ubelgiji. Naombeni ushauri

MamaKwabena:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Ghana, tunaishi Tema. Kijana wetu wa kwanza anatimiza miaka 18 mwezi Machi. Anacheza winga ya kushoto kwenye timu ya colts, ndivyo wanavyoita huku soka la vijana, na mpira anaujua. Hata watu wasio ndugu zetu wanakuja uwanjani kumtazama.

Wiki iliyopita alitujia wakala nyumbani. Kavaa vizuri, ana heshima, simu imejaa picha alizopiga na wachezaji. Anasema kuna klabu ya Ubelgiji inamtaka kijana kwa majaribio Januari, na sisi tutoe euro 4,000 za viza, tiketi, hoteli na usajili. Baba yake ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Kasoa, na hatuna kingine. Mashemeji wote wako upande wake, wanasema Essien, yule kiungo wa zamani wa Chelsea, naye alitokea hapahapa. Halafu kuna mtihani wa WASSCE, kijana yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Wakala anasema shule itamsubiri.

Nikikataa naonekana mgeni ninayembania mtoto riziki. Nifanyeje?

Mgosi_Antwerp:
Pole sana dada. Mimi niko Ubelgiji, Jumapili nacheza mpira na vijana wa Afrika Magharibi, na baadhi yao walikuja kwa majaribio ya aina hiyo. Mmoja wa Guinea aliachwa stesheni ya treni na begi la viatu vya mpira. Aliyemleta alisema anakwenda kununua maji, hakurudi. Viza ya siku 90 ikaisha, nyumbani anaona aibu kurudi maana mama yake alikopa.

Barua ya klabu mmepewa? Imetoka barua pepe gani na kasaini nani?

MamaKwabena:
Barua tunayo. Nembo ya klabu imefifia kama imetolewa kopi mara nyingi. Barua pepe ni ya Gmail. Sahihi ipo na cheo kipo, jina la mtu hakuna. Kuna pia mkataba wa uwakilishi wa miaka 5, na kipengele kwamba pasipoti ikae kwa wakala. Halafu anataka tutengeneze pasipoti mpya, umri ushushwe hadi miaka 16, eti ndipo soko lilipo.

KipaMstaafu:
Dada, hapo kwenye umri kajianika mwenyewe. Kanuni za usajili za FIFA, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya soka. Ile nafuu ya miaka 16 hadi 18 inayosemwa Ulaya ni kwa mchezaji anayehama ndani ya eneo la Umoja wa Ulaya lenyewe, si anayetoka Accra. Kwa hiyo akimwandika miaka 16, hakuna klabu ya Ubelgiji inayoweza kumsajili mpaka miaka miwili ipite. Wakala wa kweli hawezi kukosa kulijua hilo. Na ikigundulika umefoji umri, anayefungiwa ni mtoto.

Mkataba nao: kanuni za FIFA haziruhusu wakala kumfunga mchezaji zaidi ya miaka 2 kwa mkataba mmoja. Tena siku hizi wakala lazima awe na leseni ya FIFA, wengi wao wamefanya mtihani ulioanza Aprili 2023, na majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA. Mwombeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti mlitafute. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, bila ridhaa yenu ya maandishi hana ruhusa ya kumsainisha chochote.

Pasipoti msimpe. Hilo halina mjadala.

WingaTeleza:
Naomba kutofautiana kidogo na wakuu. Tusimvunje moyo mama mpaka afunge mlango kabisa. Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria, mwaka 2018 alikwenda majaribio hukohuko Ubelgiji, akakataliwa na Zulte Waregem, akakataliwa na Club Brugge, Charleroi ndio wakamchukua. Leo dunia nzima inamjua. Majaribio ni sehemu ya mpira.

KipaMstaafu:
Mkuu, mpira wa kubahatisha naukubali, ila mfano wako hauendani. Osimhen wakati huo alikuwa tayari mchezaji wa Wolfsburg ya Ujerumani, na alifika huko baada ya kufunga mabao 10 kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2015 kule Chile. Huyu wa Tema anaambiwa alipe yeye ili atazamwe. Klabu inayomtaka mchezaji kweli humgharamia safari, na barua yake unaweza kuithibitisha kwa kuipigia klabu simu.

Mgosi_Antwerp:
Naongezea kwa klabu ninazozifahamu huku. Ndidi wa Nigeria alitimiza miaka 18 Desemba 2014, Genk wakamchukua Januari 2015. Mwaka mmoja baadaye Samatta wetu akamkuta palepale, akitokea TP Mazembe. Klabu za huku zinafuatilia sana Afrika. Kijana akicheza ligi inayoonekana, wataletwa na kazi yake.

BintiMvita:
Dadangu, mimi nauangalia ugomvi wa nyumbani zaidi. Usibishane nao kama mgeni, watakushinda. Tumia majina yao wenyewe. Wanamtaja Essien? Waambie Essien alikuwa Liberty Professionals, klabu ya ligi kuu ya Ghana, kabla ya kwenda Bastia ya Ufaransa mwaka 2000. Kudus, kijana wa mtaa wa Nima pale Accra, aliingia akademi ya Right to Dream ya hukohuko Ghana akiwa mdogo, akasoma na kucheza hukohuko, akasubiri, na Agosti 2018 alipotimiza miaka 18 ndipo akaanza kuchezea Nordsjælland ya Denmark. Klabu hiyo na akademi mmiliki ni mmoja. Ajax walimnunua 2020, West Ham 2023. Mané wa Senegal naye alitoka Génération Foot, ambayo ina ushirika na Metz, akacheza mechi yake ya kwanza Ufaransa akiwa na miaka 19. Wote hao walipitia klabu au akademi inayojulikana.

Na kuhusu WASSCE, mtaje Nii Lamptey, mchezaji wa zamani wa Ghana. Mashemeji zako wanamjua vizuri kuliko sisi. Mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana 1991, Anderlecht akiwa na miaka 16, PSV, Aston Villa, Coventry, halafu akazungushwa Argentina, Uturuki, China. Amesimulia mwenyewe kwamba alikuwa anasaini karatasi asizoweza kuzisoma. Baadaye akajenga shule Accra. Mtoto wako amebakiza mwaka mmoja tu wa kusoma, mwache amalize.

WingaTeleza:
Hapo kwa Lamptey nimekubali. Basi dada, kwa umri wake akademi nyingi zimeshampita, mtafutie timu ya daraja la kwanza au ligi kuu ya hapohapo Ghana. Winga wa kushoto mwenye kasi hakosi timu.

MamaKwabena:
Asanteni sana ndugu zangu. Jana nimekaa na baba yake, nikaanza na Lamptey. Alinyamaza, kisha akasema tuiandikie klabu kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Tumeandika, bado hawajajibu. Jina la wakala kwenye orodha ya FIFA hatukuliona. Tulipomuuliza leseni, akashusha bei hadi euro 2,500, na sasa anampigia kijana mwenyewe usiku.

KipaMstaafu:
Akishapita kwa mtoto, msisubiri jibu la klabu. Kaeni na kijana leo, baba yake awepo, mumwonyeshe ile barua na kipengele cha pasipoti akisome kwa macho yake. Kesho barua na mkataba vipelekeni GFA, chama cha soka cha Ghana, pale Accra, bakini na kopi. Mkiwa huko ulizeni kama timu yake ya colts imemsajili rasmi, kwa jina na tarehe halisi ya kuzaliwa. Akija kuuzwa nje siku moja, asilimia 5 ya ada hugawiwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12, na hugawiwa kwa kumbukumbu hizo za usajili. Kocha wake akilijua hilo, atakuwa wa kwanza kumfukuza huyo wakala uwanjani.