Tupeane uzoefu: laptopu ya kazi za kila siku kwa elfu thelathini

MpigaChapa_Nyalenda

Habari zenu wadau. Laptopu yangu imenifia Jumanne. Niliinunua mwaka 2017 ikiwa tayari imetumika, na imenilisha tangu hapo: napiga chapa CV, barua za kuomba kazi na kazi za wanafunzi, nawajazia majirani ritani za kodi za KRA na maombi ya huduma za serikali ya eCitizen. Ilianza kwa kuganda, diski ikaingia mlio wa tak tak tak, na sasa haiwaki kabisa. Fundi amesema bodi imekwenda, na kuirekebisha kutakula nusu ya bei ya nyingine.

Chama kilinifikia mwezi huu, nimetenga elfu thelathini. Sitaki mashine ya michezo wala ya kuhariri video. Nataka ifungue tabo kumi bila kuhema, niwe na Word na Excel, na jioni kijana wangu wa gredi ya saba atazame masomo YouTube. Nimezunguka Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu siku mbili. Kila duka lina hadithi yake, na zote zinaanza na "hii ni safi kabisa, mama".

Bei za matangazo nimeziona. Ninachoomba ni yaliyokupata wewe mwenyewe: ulinunua nini, imekaaje, na leo ukirudi dukani ungekagua nini kwanza?

Mwalimu_Lurambi

Pole dada. Yangu niliinunua mpya, ndani ya boksi, nyepesi kama daftari. Nilitazama kioo na uzito, sikuuliza hifadhi. Kumbe ilikuwa na GB 32 tu za eMMC, ile chipu iliyochomelewa kwenye bodi ambayo huwezi kuitoa uweke kubwa. Windows yenyewe ilikuwa imeshakalia sehemu kubwa. Kila masasisho yalipokuja yalikosa pa kukaa, nami nikawa nafuta picha za harusi ya dada yangu ili kompyuta ijisasishe. Wiki mbili baadaye tuko pale pale. RAM nayo, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa GB 4, imechomelewa vilevile. Muhula wa pili nikarudi kujaza alama za wanafunzi kwa simu.

Ilivyokufa ni kwa radi. Mnaoishi Kakamega mnajua saa tisa mchana mawingu yakipanda kutoka upande wa msitu. Niliiacha kwenye chaja nikatoka kuanua nguo. Radi ilipopiga, laptopu yangu na televisheni ya jirani viliondoka pamoja. Siku hizi nikisikia ngurumo ya kwanza nachomoa, kisha naendelea na betri. Ndiyo maana huku kwetu siwezi kumshauri mtu anunue mashine yenye betri iliyochoka ati ataitumia kwenye ukuta. Msimu wa mvua atafanya kazi saa ngapi?

Komredi_Njoro

Mimi nipo Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka wa nne. Usikubali kuambiwa "ni Core i5", yaani jina la prosesa ya Intel, halafu mazungumzo yakaishia hapo. i5 ya 2011 na i5 ya 2020 zote ni i5. Soma namba inayofuata. i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Mtego uko kwa i5-1135G7, hiyo ni ya kumi na moja ingawa namba ina tarakimu nne tu na inaanza na moja.

Mstari uchore kwenye kizazi cha nane. Windows 10 iliacha kupata masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za saba. Tena kuna faida nyingine: i5-7200U ina viini viwili vya kufanyia kazi, i5-8250U ina vinne. Tofauti hiyo utaihisi ukifungua tabo nyingi.

Yangu ni Latitude 7490, ex-UK (iliyotumika Uingereza), elfu ishirini na saba hapa Nakuru. Utafiti wangu wote nimeuandikia humo.

MtuWaKondele

Mimi langu ni fupi. Usichukue ya kulipa kidogo kidogo kama una pesa taslimu. Nilichukua hivyo mashine ya elfu ishirini na nne. Nilipomaliza kulipa nikajumlisha meseji zote za M-Pesa: elfu thelathini na nane.

MamaWawili_Bondo

Naomba niseme juu ya Chromebook, zile laptopu zinazotumia ChromeOS ya Google badala ya Windows, maana utakutana nazo nyingi, na bei yake inavutia. Nilimnunulia binti yangu moja kwa elfu tisa alipokuwa anajiandaa kuingia chuo. Inawaka kabla hujaketi vizuri, betri inakaa kutwa. Tulifurahi sana. Baada ya miezi michache ikaleta ujumbe kwamba haitapokea masasisho tena. Aliyeniuzia alijua au hakujua, sijui, lakini pesa yangu ilikuwa imekwenda.

Nikaja kuelewa kwamba kila Chromebook ina tarehe yake ya mwisho, na hesabu inaanzia siku modeli hiyo ilipotoka kiwandani, si siku wewe uliyoinunua. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba masasisho yatafika miaka kumi, na kwa zile zilizotoka kuanzia 2021 hilo linakuja lenyewe. Kwa hiyo ya miaka mingi inaweza kuwa inang'aa kama mpya na iko ukingoni. Ukiwa bado dukani, fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Kuhusu ChromeOS, halafu maelezo zaidi. Tarehe imeandikwa pale.

Ya pili niliinunua kwa macho yangu mwenyewe, ina tarehe ya 2030, na binti hajalalamika hata siku moja. Lakini kwa kazi yako dada, Word na Excel kamili za kompyuta hazikai humo. Ya kijana ingefaa. Yako, hapana.

Mstaafu_Bungoma

Binti yangu, mimi sikununua nyingine. Laptopu yangu ni ya 2014 na ilikuwa inachukua dakika tano kuamka. Nilikuwa nawasha, naenda kuchemsha chai, narudi bado inazunguka. Mjukuu wangu akaitoa ile diski inayozunguka, akaweka SSD ya GB 240 niliyoinunua elfu tatu na mia mbili, na badala ya Windows akaweka Linux Mint, ile nyepesi ya XFCE. Inaamka chini ya nusu dakika. Nasoma magazeti, naongea kwa video na wanangu walio nje, naandika kumbukumbu za kanisa kwa LibreOffice iliyokuja nayo. Sijalipa senti kwa programu.

Nikwambie na upungufu wake, usije ukanilaumu. Kuna fomu moja ya kujazwa kwa Excel, yenye vitufe vinavyojihesabia ndani yake, ilikataa katakata kufunguka vizuri. Nikaenda saiba. Mtu anayejazia wengine fomu kila siku hawezi kuishi hivyo. Na kwako bodi yenyewe imekufa, kwa hiyo SSD haitakufufulia kitu. Lakini wapo humu wanaotaka kutupa mashine nzima kwa sababu ya diski tu.

Fundi_Nakuru

Mzee amesema kweli. Sehemu kubwa ya laptopu ninazoletewa kwa sababu ni "nzito" dawa yake ni SSD, na RAM ikiwa chini ya GB 8.

Kwa mleta mada, niseme yanayofika mezani kwangu, maana yakishafika hapo mwenyewe ameshalipa.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Molo na mashine nzuri sana, kioo hakina mkwaruzo. Alitaka tu niifute aanze upya. Nikaifuta, nikaiunganisha na intaneti, ikaleta jina la kampuni ya Uingereza, inadai barua pepe na nenosiri la mfanyakazi. Ile kompyuta ilikuwa bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza. Ukiifuta mara kumi itaunganishwa na kurudi pale pale, kwa sababu usajili hauko ndani ya diski, uko kwenye seva. Aliyemuuzia hakupokea simu tena. Niliumia naye, maana ilikuwa pesa ya mahindi. Kwa hiyo ombi langu: mwambie muuzaji aifute mbele yako, uiunganishe na intaneti ya simu yako, uone inakuuliza nini. Inaweza kuchukua saa nzima. Kaa hiyo saa. Kabla ya hapo izime, uiwashe ukibonyeza F1, F2 au F10 kulingana na aina, uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, inuka uende.

Betri usiipime kwa kuambiwa "inakaa masaa manne". Fungua ule ukurasa mweusi wa amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti. Tafuta namba mbili, uwezo iliyoundwa nao na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza, betri imezeeka nusu, na hapo una neno la kupunguzia bei.

Shika kioo kwa pembe moja ufungue polepole. Ukisikia mlio, au ukiona plastiki inaachana karibu na bawaba, achana nayo. Bawaba ikivunjika huchana kava na wakati mwingine waya wa kioo. Cheza video dakika ishirini huku umeweka kiganja chini yake. Joto la kawaida sawa, ila feni isilie kama posho mill.

Wewe ni mpiga chapa, kwa hiyo fungua Word ubonyeze kila kitufe, kimoja kimoja. Za Uingereza zina alama ya pauni juu ya 3, na alama ya @ imebadilishana nafasi na alama ya kunukuu ukilinganisha na za Marekani. Vidole vyako vitachanganyikiwa wiki ya kwanza kama umezoea nyingine. Uzuri wa za Uingereza ni kwamba plagi ya chaja inaingia kwenye soketi zetu bila adapta.

MpigaChapa_Nyalenda

Asante sana fundi, na nyote. Swali: duka moja wamenionyesha EliteBook 840 G3, elfu ishirini na mbili, na Windows 11 imo, nimeiona kwa macho. Lakini namba ni i5-6300U. Komredi amesema ya sita haikubali. Imeingiaje?

Fundi_Nakuru

Imelazimishwa. Kuna njia za kuruka ule ukaguzi, hata mimi naziweza. Inafanya kazi, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho, na lile sasisho kubwa la kila mwaka halitakuja lenyewe, itabidi ulazimishe tena. Kwa mtu anayeshika nenosiri za KRA za watu wengine, mimi singekuuzia hiyo. Ongeza elfu chache upate G5 yenye kizazi cha nane.

JiraniWaDunga

Wa Kisumu, ongezeni hili: tukiwa karibu na maji, usiku wale wadudu wa ziwani hufuata mwanga wa kioo na kuvutwa na feni. Yangu ilikuwa inajizima kwa joto. Ilipofunguliwa, palipo na feni palikuwa pamejaa mabawa. Ukinunua iliyokaa kwenye duka la ufukweni, omba ifunguliwe ipulizwe.

MpigaChapa_Nyalenda

Wadau, nimerudi, wiki moja na siku mbili baadaye.

Nimechukua ThinkPad T480, i5-8250U, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Waliniambia elfu ishirini na tisa na mia tano. Nilimwomba kijana wa duka aifute mbele yangu. Alinuna kidogo, lakini mwenye duka akasema afanye. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa moja na robo, bando langu mwenyewe, na haikutaja kampuni yoyote. BIOS ikafunguka bila kuuliza kitu. Nilibonyeza vitufe vyote. Kitufe cha mshale wa kushoto kilikuwa kigumu, wakakibadilisha palepale.

Sikujua kwamba T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Ripoti ilionyesha ya ndani inashika asilimia 71 ya ilivyoundwa, ya nje 58. Nikaweka ile karatasi mezani mbele ya mwenye duka, sikusema mengi. Tukakubaliana elfu ishirini na nane. Nikamwomba aandike namba ya utambulisho ya mashine (serial number) kwenye risiti pamoja na waranti ya miezi mitatu, kwa kalamu, na muhuri. RAM ina nafasi mbili na moja iko wazi, kwa hiyo chama kikizunguka tena nitaongeza GB 8.

Elfu mbili zilizobaki nimenunulia kebo ya soketi yenye kinga ya umeme. Lakini mwalimu, jana ngurumo ilipoanza upande wa Nandi nilikukumbuka, nikachomoa yote.

Alama ya @ bado naitafuta kwa macho. Nina CV tatu za kumaliza kabla ya saa kumi. Anayejua mahali Kisumu panapouzwa betri ya nje ya T480 iliyo halisi, si ya kuigwa, aniandikie hapa chini, na aseme ameitumia muda gani.