Daraja la pili la chini, tena sosholojia: MBA itawezekana?

mtu_wa_umoja
Habari zenu wadau. Nilisoma sosholojia hapa Nairobi nikatoka na daraja la pili la chini, mwaka wa pili mzee aliugua ikabidi nafanya kazi usiku, maksi zikashuka. Saa hii niko sacco upande wa mikopo. Nataka MBA, yaani masters ya biashara, ikiwezekana ya nje, lakini bosi ananiambia bila digrii ya biashara na first class nisahau. Ni ukweli?

Shiko_Hesabu
Si ukweli. Harvard wenyewe hawadai usome biashara, wanachukua mainjinia, walimu, mpaka wanajeshi. Swali lao ni kama utaweza takwimu, uhasibu na fainansi, na transkripti, ile karatasi ya maksi zako, wanaisoma somo kwa somo, si daraja la mwisho peke yake. Takwimu (stati) ulipata nini? Mwaka wa nne je? Halafu tafadhali usijigeuzie maksi ziwe GPA, ule wastani wa alama wa Marekani, huku 70 ni A na huko 70 ni kitu ingine kabisa, waandikie vile chuo kiliandika.

mtu_wa_umoja
Stati B, mwaka wa nne karibu zote ni B na A.

baba_Ray
Basi uko na kitu cha kuonyesha. Sasa weka nguvu kwa GMAT, ule mtihani wa kuingia MBA, hii mpya alama zake zinaenda 205 mpaka 805, ni saa mbili na robo, hesabu, lugha na kusoma data, na matokeo yanakaa miaka 5. GRE, mtihani mwingine kama huo, pia wanakubali shule nyingi. Ukishapata alama nzuri ya hesabu hakuna mtu atakuuliza sana juu ya sosholojia. Ukibaki hapa nyumbani, kwa daraja lako vyuo kwa kawaida hutaka miaka 2 ya kazi inayohusiana, na hiyo naona unayo.

mtu_wa_umoja
Asanteni sana. Na hiyo stori ya mzee niseme?

Shiko_Hesabu
Sema, lakini kwa ile insha ya hiari ya maombi. Sentensi nne tano hivi: nini kilitokea, maksi zilipandaje baadaye, umemaliza. Insha kubwa iachie kazi yako ya mikopo, wale watu umewasaidia kufungua biashara, hapo ndio uko na nguvu kuliko wengi. Na barua ya mapendekezo kama huyo bosi hakuamini, omba mwenye alikusimamia kabla yake. Pole kwa mzee, natumai alipona.