Eti "acha lumbesa"! Huyu mtu wa seva ananitafuta nini mimi?

Binti Uyole:
Wakuu leo sina hata salamu. Yule mtu wa seva, sina haja ya kumtaja, yule wa koti la kijani na chupa ya chai, kila aliyewahi kuomba akaunti pale anamjua, asubuhi hii kanivua nguo mbele ya grupu zima. Saa 31 kazi yangu imekaa inazunguka kwenye klasta, zile kompyuta zilizounganishwa tunazogawana, imejifungia ndani ya kontena lake, kile kiboksi cha kuendeshea programu peke yake, haimgusi mtu, naifundisha kutambua ukungu kwenye majani ya viazi, na picha nimepiga mwenyewe kuanzia Uyole mpaka Umalila kwa baridi ile mnayoijua, viatu vimebaki kisigino. Naamka saa kumi na moja alfajiri naangalia: OOMKilled, 137, yaani imeuawa, memori imezidi. Basi. Na matokeo nilikuwa nahifadhi humo humo ndani ya kontena, limekufa nayo, hata faili moja la kuzika sijapewa.

Nikaenda grupuni kistaarabu kabisa, "shikamoo kaka, naomba kujua nani kaua kazi yangu". Akajibu: "Dada, kontena sio gunia la viazi. Acha lumbesa." Na vikatuni vitatu vya kucheka. LUMBESA! Mimi, mtoto wa baba ambaye kila msimu analia na magunia ya kushindiliwa kupita kipimo na kushonewa kilemba, leo ndio mpakia lumbesa? Sawa niliomba gigi 8 za memori na programu ikataka zaidi, hilo sikatai, lakini si ungekuja inbox? Halafu msimamizi wangu akaweka dole gumba. Dole gumba jamani! Kwa lipi, kwa lumbesa? Nimelia mpaka jogoo wa jirani kanyamaza kunisikiliza.

Konda wa Mafiati:
Umeomba gigi 8 ukapakia za 20, sasa hapo lumbesa ni tusi au ni maelezo 😂

Binti Uyole:
Wewe ndio yeye, nimekujua.

chai_ya_mufindi:
Pole dada, ila hakuna aliyekuua. Kontena lina kikomo cha memori, ukikivuka kerneli, moyo wa mfumo wa kompyuta, yenyewe inachinja. 137 ni 128, ya kusema programu imeuawa kwa ishara, jumlisha 9, na hiyo 9 ni ishara ya kuua bila hodi, programu haiwezi hata kuikataa. Ingekuwa ishara ya 15 ungepewa muda wa kufunga virago. Picha zote ulikuwa unazirundika kwenye memori bila kuziachia?

Binti Uyole:
Ndiyo, lakini ANGEKUJA INBOX.

chai_ya_mufindi:
Na matokeo andikia folda ya nje uliyoiunganisha na kontena. Cha ndani kinakwenda na kontena, ndivyo lilivyoumbwa.

Rungwe Ndizi:
Angalau wewe yako ilikimbia. Yangu ipo Pending, inasubiri nafasi, tangu Jumatatu, kuna mtu kaomba gigi 64 anatumia 3, nodi, yaani kompyuta moja ya klasta, imekaa kama basi lililojaa mikoba ya kuwekeana siti. Na anajijua, yumo humu anasoma.

Konda wa Mafiati:
Mbona unaniangalia mimi

mbalizi_mjini:
Nyie mnalilia memori, mimi imeji, faili la kutengenezea kontena, ya gigi 6 nimeivuta kwa bando la simu, ikafika robo tatu umeme ukakata. Hakuna aliyefungua uzi.

Mzee wa Tunduma:
Vijana nimesoma mpaka huku chini, hilo kontena limekwama upande wetu au wa Zambia? Kama ni foleni ya mpakani, dereva wangu alilala siku tatu, saa 31 ni kidogo sana hiyo mwanangu.

chai_ya_mufindi:
😂😂😂 Mzee hizi ni za kwenye kompyuta.

Mzee wa Tunduma:
Sasa viazi vimeingiaje?

Rungwe Ndizi:
Kubernetes, ile programu inayopanga makontena kwenye klasta, kwa Kigiriki ni mshika usukani wa meli, huyo wetu wa koti la kijani ni konda kabisa, anashusha watu njiani.

Konda wa Mafiati:
Usitutukane makonda.

Binti Uyole:
Narudia, tatizo si kufa kwa kazi. Tatizo ni LUMBESA mbele ya msimamizi. Dole gumba lipo mpaka sasa hivi, nimetoka kuangalia.

Njombe Kwetu:
Ya lumbesa ya kweli mbona hamsemi? Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, huku tajiri anakuja na gunia lake, anashindilia kwa goti, halafu bei ni ya gunia moja. Hiyo ndio ya kufungulia uzi.

mbalizi_mjini:
Huko viazi gunia shingapi kwa sasa?

Njombe Kwetu:
Inategemea na goti.

Mzee wa Tunduma:
Mimi nina kontena tupu la futi 20, zima kabisa, linafaa duka au saluni. Anayehitaji aje inbox.

Binti Uyole:
Lipo wapi mzee? Lina dirisha?