Armored Core VI, MechWarrior 5 au Titanfall 2: mgeni wa roboti za kivita aanze na upi?

Rubani_Mgeni

Wakuu, salaam. Nimemaliza sura ya kwanza ya Armored Core VI: Fires of Rubicon, uliotoka Agosti 2023, na sambamba nao nimekuwa nikicheza saa za mwanzo za MechWarrior 5: Mercenaries, uliotoka mwaka 2019. Ningependa kusikia maoni yenu kabla sijaamua ni upi niuendeleze hadi mwisho.

Kilichonishangaza ni kwamba michezo hii miwili, ingawa yote inamweka mchezaji ndani ya mtambo wa chuma wenye miguu, haielewani kabisa kuhusu uzito. Katika Armored Core roboti hupaa, huteleza juu ya ardhi na kuchepuka pembeni kwa mlipuko mfupi wa moto, na kinachoizuia ni nishati ya jenereta: ikikuishia angani utaanguka, kisha utalazimika kusubiri ijae tena huku makombora yakikuandama. Katika MechWarrior kila hatua inatikisa chumba cha rubani, na miguu ina mwelekeo wake ilhali kiwiliwili kina wake, kiasi kwamba unaweza kwenda mbele huku unafyatulia adui aliye ubavuni. Huko kinachokuzuia ni joto. Ukifyatua leza zote kwa pamoja mara kadhaa mfululizo, kipimo kitapanda hadi mtambo ujizime wenyewe mbele ya adui, nawe ubaki kutazama tu.

Kwa sasa naelemea upande wa Armored Core, ila nina mashaka mawili. Kwanza, helikopta ya kivita ya misheni ya kwanza inakukabili kabla hujaruhusiwa kubadilisha hata parafujo moja ya roboti yako, jambo ninaloliona kuwa ukali usio na sababu kwa mgeni. Pili, gereji, yaani mahali pa kupangia vifaa vya roboti, ina takwimu nyingi mno, na sijui zipi zina maana.

Mzee_wa_Gereji

Ndugu Rubani, ile helikopta ina kazi yake. Silaha unazopewa mwanzoni ni bunduki, makombora ya begani na upanga wa nishati, na mchezaji anayekaa mbali akirusha risasi atachoka kabla helikopta haijachoka. Anayeikimbilia, akapanda hadi usawa wake na kuikata kwa upanga, huimaliza mapema. Mchezo unakuambia tangu mlangoni kwamba kukaribia ndiko usalama, nami naona ni bora uambiwe mapema kuliko kuambiwa katika sura ya tatu.

Kuhusu takwimu, anza na moja: uwezo wa silaha kumyumbisha adui. Chini ya jina la bosi, yaani adui mkuu wa misheni, kuna mstari unaojaa kadiri anavyopigwa, na ukimwacha apumue unapungua. Ukijaa, anasimama kama aliyepigwa na bumbuwazi kwa muda mfupi, na kila pigo la wakati huo linaumiza zaidi ya kawaida. Kwa hiyo silaha zigawe kazi: mbili au tatu za kuujaza mstari huo haraka, na moja nzito, kwa mfano upanga, ya kutumia pindi adui anapoganda. Mwenye bunduki nne zinazofanana ataona zinapiga kelele nyingi na kufanya kazi ndogo.

Balteus, bosi wa mwisho wa sura ya kwanza, ndiye aliyewafanya wengi waukimbie mchezo huu, hata watengenezaji wakampunguza makali kwa sasisho la Septemba 2023. Ana ngao inayomfunika mwili mzima, na bunduki ya mapigo ya nishati inayouzwa dukani huibomoa upesi sana. Nawe hupotezi kitu kwa kujaribu, kwa kuwa kifaa unakiuza kwa bei ileile uliyokinunulia. Angalizo moja tu: ukifa katikati ya misheni unaweza kupanga upya vifaa ulivyo navyo, lakini duka halifunguki hadi urudi gereji.

Tani_Mia

Naomba kutofautiana kidogo na mzee wangu. Armored Core ni mchezo mzuri, lakini uharibifu wake ni namba moja inayoshuka. Mkono wa roboti yako haung'oki hata ukipigwa namna gani. MechWarrior unahesabu kila kiungo peke yake. Chukua Centurion, mtambo wa tani 50, ambao bunduki yake kubwa imo katika mkono wa kulia. Rubani mzoefu hufyatua, kisha papo hapo hugeuza kiwiliwili ili mkono wa kushoto, usio na silaha, upokee risasi za kujibu wakati bunduki inajipakia. Mkono huo ukikatika anaendelea kupigana. Ukikatika wa kulia, nusu ya sababu ya kuwapo kwake vitani imekwenda.

Halafu kuna hesabu ya baada ya vita. Matengenezo yanakula fedha na siku, kwa hiyo ushindi uliopatikana kwa kuvunjiwa mitambo miwili unaweza kukuacha maskini kuliko ulivyoanza. Nakiri kwamba misheni zake hujirudia baada ya muda, na kwamba wenzako wanaoongozwa na kompyuta hupenda kusimama mahali pa hovyo.

Binti_wa_Anga

Wapendwa, mnamsahau Titanfall 2, wa Oktoba 2016. Humo mchezaji ni rubani anayekimbia juu ya kuta kwa miguu yake mwenyewe na kuingia katika Titan, yaani roboti kubwa ya kivita, inapohitajika, hivyo ukubwa wa roboti unauona kutoka chini kabla hujaupanda. Hakuna gereji ya kuumiza kichwa, maana kila Titan huja na silaha na tabia zake: Ronin ana upanga na hupigana kwa karibu, Northstar huelea na kulenga kutoka mbali. Kisa cha mchezaji mmoja ni kifupi, na roboti BT-7274 ana utu kuliko marubani wengi wa michezo mingine. Kwa anayetaka kuonja tu, ningemshauri aanzie hapo.

Tani_Mia

Dada, ni mchezo bora, sikatai, lakini roboti ndani yake ni mgeni mashuhuri. Ndugu Rubani anataka kuunda na kuendesha.

Rubani_Mgeni

Nashukuruni nyote. Dada yuko sahihi kuhusu kuuona ukubwa kutoka chini, na hilo ndilo ninalolikosa katika Armored Core, kwa sababu kamera iko nyuma ya roboti na mara nyingi majengo yanaonekana kama vijisanduku. Hata hivyo, kupanga vifaa kumenivutia kuliko nilivyotarajia. Nimebaki na swali moja: je, aina ya miguu inabadilisha mchezo kweli, au ni sura tu? Pia, kuna anayecheza na wenzake?

Mzee_wa_Gereji

Inabadilisha kuliko silaha. Miguu miwili ya kawaida hulazimika kusimama ili kufyatua mizinga mizito ya begani. Miguu ya mtindo wa kifaru cha vita hufyatua ikiwa inatembea, na miguu minne huelea angani kwa nishati kidogo huku ikishambulia. Iliyokunjwa nyuma kama ya ndege huruka juu sana. Nunua jozi moja ya kila aina na urudie misheni fupi uliyokwisha kuishinda, utajua mwenyewe.

Kuhusu kucheza na wenzako, visa vya Armored Core utavipita peke yako, na wengine utakutana nao katika mapambano ya mmoja kwa mmoja au watatu kwa watatu. Kama una marafiki watatu wanaotaka kupita kampeni, yaani kisa cha mchezo, pamoja nawe, hapo hoja ya Tani_Mia inashinda, kwa kuwa MechWarrior 5 unapokea hadi wachezaji wanne katika kikosi kimoja.