Wanatanga, acheni kututupia kasuku getini usiku

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, kutoka kwetu tunaopokea kasuku waliotelekezwa.

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anafika miaka 40, wengine hadi 60. Mtu ananunua bila kuwaza hilo. Siku akihama mtaa wa Raskazone anamtia kwenye boksi, anamwacha getini. Umri haujulikani, chakula alichozoea hakijulikani, karatasi hana. Na kijivu yumo Kiambatisho cha I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini), orodha yenye masharti makali kuliko zote, tangu 2017, kwa hiyo wa kuhojiwa na maofisa wa wanyamapori ni aliyempokea, si aliyemtupa.

Kesho yake mwenyewe anapiga simu kufoka: mbona hajachanganywa na wenzake?

Hachanganywi kwa sababu yuko karantini. Siku 45, chumba chake peke yake, si kona ya banda lilelile lililowekwa pazia. Vumbi la manyoya na kinyesi kikavu hubeba virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya, usio na dawa, na bakteria wa homa ya kasuku, inayompata hata binadamu. Hii ya pili inatibika kwa antibiotiki ya doksisaiklini, kwa kawaida siku 45 pia. Wazima wanahudumiwa kwanza, mgeni mwisho, kila upande na vyombo vyake. Kinyesi kinaloweshwa kabla ya kuondolewa. Ufagio mkavu unakurushia vumbi puani. Kila asubuhi, kabla hajala, anapimwa kwa mizani ya gramu. Wengi wana gramu 400 hadi 500. Akipungua asilimia 10 ni dharura hata kama anapiga mluzi, maana kasuku huficha ugonjwa mpaka aanguke kijitini. Penye vyumba viwili vya karantini, wa tatu alazwe wapi?

Halafu magunia ya alizeti mnayoita msaada! Alizeti ni mafuta tupu. Vitamini A na kalsiamu ni kidogo mno. Kijivu aliyelishwa hiyo miaka na miaka ndiye anayeshikwa na degedege. Karanga zenye ukungu zinamharibia mapafu. Leteni karoti, boga, viazi lishe, majani ya mlonge. Parachichi kamwe, linaua. Waya mpya wa mabati usuguliwe kwa brashi na siki, usuuzwe, la sivyo anaguguna zinki na kutapika.

Na nyie wa "mfungulieni aende zake": bawa lililokatwa halirudi mpaka anyonyoke manyoya na kuota mapya, na kijivu si ndege wa mwambao huu. Kunguru wa mjini watammaliza kabla ya magharibi.

Unataka kumtoa? Toa taarifa wiki mbili kabla. Lete tundu lake, karatasi zake, na orodha ya anachokula.