Santuri ya "Hatari!" imetolewa upya, wakusanyaji wanashangilia. Walioimba wana fungu gani?

Mwanzisha mada, Makole

Mbukwenyi wakuu.

Wiki hii katika kundi letu la wapenda santuri hapa Dodoma gumzo ni moja tu: muziki wa filamu ya *Hatari!* umetolewa tena kwenye santuri. Mwenzetu mmoja ameagiza, katuma picha ya kava, watu wakammiminia vigelegele. Wengine wameshaanza kuuliza ushuru wa forodha ni kiasi gani. Mimi mwenyewe muziki ule naupenda, nisifiche. Ila nina swali, na naomba tulijadili bila kutukanana.

Kwa ambao hawajaiona, *Hatari!* ni filamu ya Kimarekani ya vichekesho na purukushani za porini, imeongozwa na Howard Hawks na kutoka mwaka 1962. Kinara wake ni John Wayne. Sehemu kubwa ilipigwa huku kwetu, kule Arusha, Momella na Ngorongoro, Tanganyika ikiwa bado haijapata Uhuru. Kisa chenyewe chepesi: kundi la Wazungu linakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama, wanakimbizana na vifaru kwa magari, jioni wanataniana na kupendana. Muziki ndio uliodumu kuliko kisa. Kile kipande cha tembo watoto wakimfuata mwigizaji Elsa Martinelli kwenda kuoga, "Baby Elephant Walk", kilimpatia mtunzi Henry Mancini tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki mwaka 1963, na mpaka leo klarineti ile ikianza kudemadema hata aliyenuna anatabasamu.

Sasa njooni kwenye kinachonisumbua. Mancini alisimulia mwenyewe kwamba Hawks aliporudi Marekani alimletea ala za Kiafrika, ikiwamo marimba ya vidole, ndugu wa ilimba yetu ya Kigogo, na maganda makubwa ya mbegu ya kuchezesha kama kayamba. Alimletea pia kanda yenye nyimbo za Wamaasai. Muziki mkuu wa filamu aliujengea juu ya sauti za kanda ile. Mancini jina lake liko kwenye kava kwa herufi kubwa. Hawks anajulikana. Anayepiga hata tarumbeta ya pili Hollywood ana chama chake na kumbukumbu zake za malipo. Waimbaji wa kanda? Wanatajwa kuwa ni "Wamaasai", basi. Hakuna aliyekuwa na jina la baba yake?

Msimamo wangu ni huu: pesa za 1962 sizidai, zimeshapita. Nadai majina. Toleo jipya huja na kijitabu kipya, mtu analipwa kuandika historia ya muziki ule, makabrasha ya studio yanafunguliwa upya. Wakati huo ndipo swali la "nani aliimba, wapi, lini" linaweza kuulizwa kwa gharama ndogo. Likipita, tunasubiri miaka mingine ishirini. Na wa kuuliza ni mnunuzi, kwa sababu kampuni za namna hii zinaishi kwa wanunuzi wachache wanaojuana. Kwa hiyo badala ya vigelegele peke yake, wakusanyaji waandike barua.

Nakosea wapi?

Mkusanyaji, Area D

Aliyeagiza ni mimi, kwa hiyo nijibu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hiyo bidhaa. Santuri iliyotoka kampuni ya RCA mwaka 1962 si sauti iliyomo kwenye filamu. Mancini alikuwa na kawaida ya kuingia studio upya na kurekodi kwa ajili ya santuri, nyimbo zikae vizuri sebuleni kwa msikilizaji. Sauti halisi za filamu zilikaa makabatini miaka mingi hadi kampuni ya Marekani inayoitwa Intrada ilipozitoa kwenye sidii. Kampuni kama hizo zinachapa nakala chache, zinalipia kusafisha tepu, zinalipia haki kwa studio, na zikikosea hesabu kidogo zinafilisika. Watu wanaotuita sisi wakusanyaji walafi wasisahau kwamba bila sisi tepu zingeshaoza. Nani mwingine angelipia? Serikali?

Pili, matoleo mengi ya bei rahisi unayoyaona yanatoka Ulaya, na huko hakuna wa kumwandikia barua. Rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zilikuwa na ulinzi wa miaka 50 tu, na muda ulipoongezwa kuwa miaka 70 hizo zilikuwa zimeshaachwa nje. Yeyote mwenye mashine anachapa rekodi ya 1962, analipia utunzi tu. Kijitabu hakuna, karatasi moja tu nyuma. Utamdai nani jina?

Mwanasheria wa Ipagala

Mkusanyaji yuko sahihi kuhusu Ulaya. Niongeze kwamba Marekani hali ni kinyume: kwa sheria yao ya 2018, rekodi za kati ya 1957 na mwanzoni mwa 1972 zinalindwa mpaka Februari 2067. Utunzi nao, kwa kuwa Mancini alifariki 1994, Ulaya utalindwa hadi mwisho wa 2064. Yaani familia ya mtunzi italipwa miaka mingi bado, na hiyo ni haki yao.

Kwa upande wetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Watu wanaijua kwa sababu ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mirabaha ya bongofleva, lakini ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi: anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa apate kibali, na mwenye kusimamia hilo ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ni kifungu kizuri sana na sijawahi kukutana na mteja aliyekitumia. Hata hivyo hakirudi nyuma hadi 1961, filamu ilipokuwa ikipigwa, wala hakivuki bahari chenyewe. Kwa hiyo mwanzisha mada, kisheria huna kesi. Una hoja ya heshima, na hoja ya heshima hufanya kazi pale tu mwenye kuombwa anapoona aibu.

Mdau wa Nkuhungu

Yaani njaa hii, mahindi yamekauka Bahi, watu mnajadili tembo wa John Wayne. Mungu atusaidie.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Nkuhungu, hata mimi shamba langu limekauka. Nikikaa kimya kuhusu santuri mvua itanyesha?

Mfugaji, anatokea Kiteto

Nimesoma yote. Mimi ni Mmaasai, Jumamosi huwa mnadani Msalato, na nina swali kwa mwanzisha mada. Wewe ni Mgogo wa Makole. Nani kakutuma kudai majina ya wazee wetu?

Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu nyimbo zetu haziko za aina moja. Kuna za morani ambazo mwanamke haziimbi, kuna za kina mama za kuomba uzazi, kuna za kumsifu ng'ombe ambazo mtu anatunga kuhusu ng'ombe wake mwenyewe na jina lake liko ndani ya wimbo. Mkiandika barua "wapeni Wamaasai majina", je, mmeshajua ni wimbo gani ulioimbwa? Pengine ni wa kuchezea wageni tu, pengine ni wa mahali ambapo haukupaswa kurekodiwa kabisa. Kabla ya jina, wazee wausikie. Mkileta sauti hiyo Kibaya au Longido, mzee wa rika husika atakwambia dakika ile ile ni wa wapi na wa rika gani. Hakuna profesa wa Marekani anayeweza hilo.

Na huyu anayesema jina linatosha, pesa zimepita: umeuza rahisi, ndugu yangu. Ng'ombe akiibiwa 1962 na ndama wake bado wanakamuliwa, hatusemi yamepita.

Mpiga zeze, Chamwino

Shikamooni wakubwa, habari zenu vijana.

Ndugu wa Kiteto kanena. Ila msidhani Wagogo hili haliwahusu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika na mashine zake akarekodi watu wengi, na Wagogo wamo: zeze, ilimba, sauti za kwaya zile za kupandana. Maktaba yake ilianzishwa 1954 na sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Rekodi zile zilishatolewa upya kwenye sidii na kampuni ya Uholanzi, wakusanyaji huko nje wanazijua kuliko sisi. Mimi nilizisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mgeni. Nilisikia mtindo wa kukwangua zeze ambao babu alikuwa akiusema na mimi nikidhani anajisifu.

Tofauti yake na hao wa filamu ni kwamba Tracey aliandika. Mara nyingi utakuta jina la mpigaji, kabila, mahali, na ala ilivyofungwa. Kwa sababu aliandika, Kenya imewezekana: rekodi zake za 1950 za Wakipsigis, ule wimbo wa Chemirocha, zilirudishwa miaka ya karibuni kwa wenyewe kijijini, na waliorekodiwa wakiwa vijana walitafutwa wakapatikana. Jina ndilo lililowapeleka pale. Kwa hiyo mimi nakubaliana na mwanzisha mada kwamba jina linatangulia, ila simalizii hapo kama yeye. Nataka na nakala. Sauti za Wagogo za 1950 ziwepo hapa Dodoma mahali ambapo mtoto wa Mvumi anaweza kuingia bila barua ya utafiti akazisikiliza. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana maktaba kubwa, mji umejaa majengo ya serikali, chumba kimoja hakikosekani.

Halafu niseme la leo, maana mnalalamikia 1961 tu. Kwenye ngoma zetu watu wanakuja na kamera nzuri. Kina mama wanapiga ngoma ya muheme jua kali, mtu anarekodi saa tatu, anaondoka na soda kawaachia. Baada ya miezi unaikuta video mtandaoni imeandikwa "ngoma ya Kiafrika". Hata Tanzania haikutajwa! Anayefanya hivyo mara nyingi ni Mtanzania mwenzetu. Hayati mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, angalau jina lake liko kwenye kila santuri aliyotoa Ulaya, na mabinti wa ukoo huo wametoa yao mwaka 2024 kwa jina lao wenyewe. Walifika hapo kwa sababu walijua kusimama mbele ya mkataba na kuuliza. Wale kina mama wa muheme nani amewafundisha kuuliza?

Mkusanyaji, Area D

Mzee wangu wa Chamwino, marahaba kwa salamu na hapo umenifunga mdomo. Hizo sidii za Uholanzi ninazo. Njoo na vijana wako, au nije mimi na spika, tusikilize. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu kilomita thelathini kutoka kwangu anayezihitaji kuliko mimi.

Ila kwa mwanzisha mada bado nasimama: usiwageuze wakusanyaji kuwa washtakiwa. Mimi nimenunua kipande cha furaha kilichotengenezwa na mtu mwenye kipaji. Mancini hakuiba, alipewa kanda na bosi wake akafanya kazi yake, na aliyasema hayo mwenyewe hadharani. Angenyamaza hata huu mjadala usingekuwepo.

Mwanzisha mada

Sijamwita mtu mwizi, soma tena. Na kweli, tunajua habari ya kanda kwa sababu Mancini hakuificha, nampa heshima yake.

Ndugu wa Kiteto, kuhusu kutumwa: hakuna aliyenituma, na hoja yako ya kusikiliza kabla ya kudai naiweka mbele ya ya kwangu. Barua ibadilike basi. Badala ya "andikeni majina", iombe nakala ya sauti ya kanda ya awali kama bado ipo kwenye hifadhi ya studio, ipelekwe kwa wazee, na wao waseme litajwe nini na lisitajwe nini. Kuhusu pesa bado nakupinga. Tukianza na pesa, mwanasheria wao anajibu kwa sentensi moja kwamba hakuna kesi, kama alivyosema mwenzetu wa Ipagala, na mlango umefungwa kabla sauti haijasikika. Tukianza na kusikia, mlango unabaki wazi.

Mfugaji, anatokea Kiteto

Mlango ukibaki wazi ndipo ng'ombe wanapotoka. Lakini sawa, barua ikiwa hivyo wazee nitawafikia mimi. Isipelekwe kwa mtu anayejiita mwakilishi wa Wamaasai, wapo wengi mno siku hizi.

Mwanasheria wa Ipagala

Nakala ya barua iende BASATA hata kama hawatajibu. Ikikaa kwenye jalada lao, siku kampuni ikiomba kibali cha kitu kipya huku itakumbukwa. Na hilo la kina mama wa muheme ni kazi nyepesi kuliko Hollywood: karatasi moja ya Kiswahili, ya kusainiwa kabla kamera haijawashwa, inayosema jina la kikundi litaandikwaje na nakala itarudi lini. Mzee wa Chamwino, nitaiandaa bila malipo. Nipe majina ya viongozi wa vikundi viwili vitatu wenye hasira.

Mpiga zeze, Chamwino

Wenye hasira hawana idadi. Njoo Jumapili baada ya ibada.

Mdau wa Nkuhungu

Bado mahindi yamekauka. Ila hiyo karatasi nami naihitaji, mama yangu yumo kwenye hizo video.

Mkusanyaji, Area D

Mzigo wangu umeshafika Dar, naambiwa wiki ijayo uko posta hapa. Nitafungua na kupiga picha kila ukurasa wa maelezo niweke hapa, tuone kanda ile imeandikwaje kabla hamjaandika barua.

Mwanzisha mada

Piga na nyuma ya kava. Na hiyo anwani ya kampuni.